Karamu ya Bila Habari

Mimi ni mtu wa amri. Mume wangu husema ningezaliwa mwanaume ningewekwa mpakani kukagua mizigo, na hasemi hivyo kwa kunisifu. Nilipokuwa karani, kabati langu la faili hata mkurugenzi hakuligusa bila kuniuliza. Kisha ofisi ikafungwa, kama zilivyofungwa nyingi hapa Goma, nikabaki nyumbani na amri zangu, bila wa kuamriwa isipokuwa mume, mdogo wangu wa kike tunayeishi naye, na masufuria.

Ndiyo maana nilianzisha karamu.

Zilikuwa karamu ndogo. Jumapili moja kila mwezi, baada ya misa, watu kumi hivi walikuja kwangu, na kila mara nilitangaza mada. Masharti yalikuwa mawili. Chakula chote kipikwe nyumbani, kisinunuliwe njiani, na kila anayeingia afuate mada au arudi kwao. Ya kwanza ilikuwa Siku ya Viazi. Barabara ya Kibumba ilikuwa imefunguka kwa siku chache, wamama wakashuka na magunia, nami nikapika viazi vya maganda, vya kukaanga, vya kuponda na jibini ya Masisi, vya kuchanganya na maharage, mpaka mume wangu akauliza kama na chai itakuwa ya viazi. Mara ya pili wanawake walivaa suti za waume zao na wanaume wakafunga vitenge. Mara ya tatu tulifanya Safari ya Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani nje ya mji. Kwenda Lac Vert kwenyewe nani angethubutu wakati ule? Tulitandika mikeka uani juu ya mawe meusi, tukala sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga kwa limau na pilipili, huku mwalimu mmoja mstaafu akinyoosha kidole kutuonyesha maji ambayo hayakuwepo. Tulicheka kama watu wasio na shida.

Katika watu hao kumi alikuwemo jirani yangu wa nyumba ya pili. Mwanamke kijana, wa upande wa Butembo, mpole kiasi cha kuniudhi. Mimi ni wa Bukavu na kwetu tukitaka kitu tunakitaja. Yeye alikizungukia kitu mpaka kikachoka. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, nikamwita mudogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Aliishi na watoto wake wawili, mumewe mfanyabiashara wa maharage, na kaka mkubwa wa mumewe, mjane wa makamo, mwenye sauti nene, ambaye nyumba nzima ilimwita papa mukubwa kwa sababu watoto walimwita hivyo. Siku ile ya vitenge huyo papa mukubwa alifunga chake vizuri kuliko mwanamke yeyote, akacheza nacho, hakikufunguka. Ndugu hao wawili hawakuachana barabarani. Aliposafiri mmoja, wa pili alikuwa juu ya gari hilo hilo.

Sasa nieleze jinsi nilivyofika kwenye mada ya nne, maana ndiyo iliyonitia aibu.

Watu wa mji huu tunaishi kwa simu. Hakuna anayekaa kwenye kiti kabla hajauliza kule kumeamkaje, barabara ipi imekatika, nani amekimbia na nani amerudi. Katika Safari ya Lac Vert, sambaza wa mwisho wakiwa bado kwenye mafuta, mgeni mmoja alipata ujumbe. Akausoma kwa sauti. Kufumba na kufumbua watu wote walikuwa wamesimama, kila mmoja akimpigia mtu wake, na saa tisa uani palibaki mikeka na mimi. Ujumbe ule ulikuwa uongo mtupu. Lakini sombe, majani ya muhogo niliyoyatwanga tangu alfajiri, ililiwa na mume wangu peke yake siku tatu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nikaapa karamu inayofuata haitavunjwa na simu ya mtu.

Nikaitangaza: Karamu ya Bila Habari. Kila simu ingeingia kwenye sufuria kubwa mlangoni na kufunikwa. Atakayetaja vita, barabara, bei au uvumi wowote angekwenda jikoni kumenya viazi. Watu waliipenda mada hiyo kuliko zote. Mwalimu alisema tangu mwaka uanze hajasikia wazo la akili kama hilo.

Yale niliyokuja kuyajua Jumatatu niyaweke hapa, kwa sababu sitaki mtu adhani siku ile ilikuwa ya kawaida. Mume wa jirani yangu na kaka yake walikuwa wameondoka wiki tatu kabla kwenda kununua maharage. Siku ile walikuwa wamekwama katika kijiji kimoja upande wa Lubero, ambako mtandao unapatikana mlimani tu. Palikuwa na lori la kushuka moja kwa moja kuja Goma, kupita katikati ya wenye silaha wa kila aina. Njia nyingine ilikuwa kurudi Butembo na kuzungukia Uganda, safari ya siku nyingi. Mume na mke walikuwa wamekubaliana. Jumapili alasiri, kabla lori halijaondoka, mume angepanda mlimani na kupiga simu, na mke angemwambia alichosikia huku chini. Na Jumamosi sokoni, wamama waliotoka Kanyaruchinya walikuwa wamemwambia kwamba malori yalikuwa yakigeuziwa porini na abiria hawaonekani. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia mumewe. Musipande.

Wafanyabiashara wa barabara ile wana desturi yao. Ukimpigia mtu wako na asipokee, unahesabu kwamba hakuna baya, maana mwenye habari mbaya hakai mbali na simu. Kimya kwao ni ruhusa. Asiposikia neno la mkewe, angepanda.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwake alipofika mlangoni kwangu Jumapili ile, na kitenge chake cha kijani, na bakuli la mandazi aliyoyapika mwenyewe. Nilimnyooshea sufuria.

Alisita. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo, imefungwa mpira wa njano ili betri isitoke.

“Yaya, mi naomba nibakie nayo. Nitaificha mu kitenge, hakuna mutu atasikia.”

“Juu ya nini?” Nilitaka sababu.

Akafungua mdomo. Nyuma yangu wageni walikuwa wameshaanza kupiga makofi. “Akisema juu ya nini, anamenya viazi!” mtu alipaza sauti, na wote wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikatikisa sufuria ili simu za wenzake zigongane.

“Mudogo, hata mwalimu ametoa ya kwake. Wewe njo mukubwa kuliko mwalimu?”

Mtu mwingine angeniambia nimpishe. Lakini alikuwa mgeni kwenye mlango wangu na mimi nilikuwa mwenye nyumba, mkubwa kwake kwa umri, na huko alikolelewa mtu hagombani na mwenye nyumba mlangoni. Aliitumbukiza. Nilibeba sufuria hadi chumbani, nikaiweka juu ya kitanda na kufunga mlango. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Chakula kilikuwa chepesi. Maharage, sombe, viazi vya maganda, sambaza kidogo, juisi ya tangawizi. Fahari yangu ilikuwa keki, ambayo mdogo wangu alikuwa akiioka uani kwenye sufuria, makaa chini kwenye jiko la mbabula na makaa mengine juu ya kifuniko. Keki ya namna hiyo haitaki haraka. Ukiwahi kufunua inabonyea, ukichelewa inaungua juu. Nilikuwa nimepanga ikatwe saa kumi kamili, kila mtu akiwa ameketi.

Na kweli watu walipumzika. Mabega yalishuka. Mtu alieleza jinsi mkwewe alivyopigana na jogoo. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hula na kunyamaza, aliimba. Mimi nilizunguka na sahani, nikijisikia kama mtu aliyetibu mji mzima.

Jirani yangu alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba. Sahani yake ilibaki vile vile. Kila nilipopita aliinua macho.

Mara mwalimu akajisahau. “Lakini hii barabara ya Rutshuru, batu banasema malori—”

“Viazi! Viazi!” Chumba kizima kilipiga kelele. Nilimwona jirani yangu akiinama mbele, shingo imekaza, mkono umeshika ukingo wa kiti. “Acheni amalize,” alisema, lakini kwa ile sauti yake ya upole, na nani angeisikia? Wanaume wawili walikuwa wameshambeba mwalimu mabegani kumpeleka jikoni, naye, maskini ya Mungu, akicheka kama mtoto. Aliyetaka kusema alibebwa jikoni, na aliyetaka kusikia akabaki na mdomo wazi. Mchezo huo niliutunga mimi.

Saa kumi kasoro nilikwenda chumbani kuchukua sahani nzuri za keki. Ndipo nikasikia mtetemo. Sufuria ilikuwa inaunguruma peke yake juu ya kitanda. Nikafunua. Katikati ya simu zote zilizozima, ile ya mpira wa njano ilikuwa inawaka, na kwenye kioo chake kidogo pameandikwa Papa wa Batoto, yaani baba wa watoto wake.

Nilisimama nikiitazama mpaka ikanyamaza.

Sitajitetea. Habari ya lori sikuijua. Lakini nilijua kwamba mumewe yuko barabarani, nilijua kwamba wiki ile alikuwa amepiga mara moja tu, na nilikuwa nimemwona mkewe na sahani yake isiyoguswa. Kilichonizuia ni kitu kidogo, kidogo kiasi kwamba mpaka leo nashindwa kukitaja bila uso kuniwaka. Nilifikiri: nikimpa huyu simu, wote watataka zao, na karamu imekwisha. Dakika kumi tu. Tukate keki kwanza, kisha nitamwita pembeni.

Ikaita mara ya pili. Nikarudisha kifuniko, nikaweka mto juu yake. Nikatoka na sahani zangu nzuri.

Alikuwa amesimama mlangoni kabisa, karibu tugongane.

“Yaya, hakuna kitu?”

“Hakuna kitu, mudogo. Ikala. Keki inakuya.”

Uongo ule ulinitoka mwepesi, bila kukwama popote. Akakaa. Nyuma yangu, chini ya mto, ilikuwa inaita mara ya tatu, na ni mimi peke yangu niliyeisikia, kwa sababu nilijua pa kusikiliza. Nilipaza sauti kumwita mdogo wangu alete keki. Ikaja, imeiva vizuri, haikubonyea wala kuungua. Nilipoionja haikuwa na ladha yoyote mdomoni mwangu. Nilimkatia jirani yangu kipande kikubwa kuliko vyote.

Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Kila nilipotaka kumwita pembeni nilikumbuka kwamba nimeshasema hakuna kitu, na sasa ningelazimika kusema pia kwamba nimedanganya. Basi nikanyamaza. Saa kumi na moja watu walianza kuaga, kwa sababu siku hizi kila mtu anataka kuwa nyumbani kwake jua likiwa bado liko. Nikaleta sufuria. Kila mmoja alichukua simu yake akisema hakujawahi kuwa na karamu kama hii.

Yeye alichukua yake wa mwisho. Alibonyeza, akatazama. Akabonyeza tena, akaiweka sikioni, na mimi nilisikia kutoka nilipokuwa ile sauti ya mwanamke wa mashine ikisema kwamba mtu huyo hapatikani. Alipiga mara nne. Kisha akachukua bakuli lake la mandazi.

“Aksanti na chakula, yaya,” akasema, akaenda zake.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake na kuifuta. “Wewe na amri zako,” alisema. Ingekuwa afadhali angegomba.

Jumatatu nilikwenda kwa jirani yangu na kikapu cha viazi, kama kwamba viazi vingesaidia. Ndipo alinieleza habari ya kijiji, ya mlima, ya lori. Alieleza polepole, bila lawama, akidhani namsikiliza kama rafiki. “Bamepanda,” alisema. “Alipiga mara tatu, sikupokea, basi bamepanda bote mbili.” Hakuniuliza chochote. Nilirudi nyumbani, kikapu nikakisahau kwake.

Jumanne uvumi uliingia mjini kwamba lori la maharage limesimamishwa na watu wametawanyika porini. Wengine walisema limechomwa. Wengine walisema hakuna lori. Mimi niliyekataza habari siku mbili kabla, sasa niliziokota popote. Nilisimama kwenye kituo cha pikipiki kuwauliza madereva waliotoka juu, nikasimama na wamama wa makaa, nikamfuata hata mtu nisiyemjua kwa sababu viatu vyake vilikuwa na udongo wa barabarani. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, lakini wangu hakungoja nizeeke.

Jumatano asubuhi nilirudi kwake. Watoto walikuwa shuleni. Alikuwa amekaa sebuleni, simu juu ya goti, macho mekundu, na hakika hakuwa amelala tangu Jumapili. Alinionyesha kiti. Nilipoketi aliniuliza, bila kuzunguka safari hii.

“Yaya. Siku ile uliingia mu chumba kutafuta sahani. Ilikuwa inaita?”

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya tena. Nilitambua pia kwamba angeniamini.

“Ilikuwa inaita.”

“Uliona jina?”

“Niliona.”

Hakulia wala kunitukana. Alinitazama kama mtu anayesoma karatasi iliyoandikwa vibaya. Nilimwambia anisamehe, nikaanza kueleza habari ya keki, nikasikia jinsi neno keki linavyotoka, nikaacha. Nilitamani anipige. Alinyoosha mkono, akaiweka ile simu kwenye kiganja changu, akakunja vidole vyangu juu yake.

“Leo utaichunga weye,” alisema. “Mi sina tena nguvu. Naenda kulala.”

Akaingia chumbani, akaacha mlango wazi. Muda si mrefu nikamsikia akikoroma kidogo.

Nilikaa pale. Sijawahi kushika kitu kizito kama simu ile ndogo. Sikuiweka chini hata nilipokunywa maji. Kila dakika nilitazama kama ina chaji, kama ina mtandao. Mdogo wangu alikuja kuniita nikapike, nikamfukuza kwa mkono. Saa sita ilipita, saa saba ikapita. Nje mtu alikuwa akipasua mawe, na kila nyundo iliposhuka nilishtuka.

Saa saba na nusu iliita. Ilikuwa namba isiyo na jina. Niliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

“Mama batoto.” Sauti ilikuwa imekauka, lakini niliijua. “Mama batoto, njo miye. Niko Kibumba, bamenikopesha telefone. Niko muzima.”

Nilitaka kusema si mimi, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo kwa miguu kutoka mbali.

“Nilikupigia mara tatu. Gari ilikuwa inaniita, chauffeur anapiga honi, mi naendelea kukupigia. Roho ilikuwa inakataa. Nilikuwa nangoja tu useme hapana. Ungesema hapana tungeshuka. Sikusikia sauti yako, nikasema basi, njia ni muzuri. Juu ya nini haukupokea?”

Angeweza kubaki akiamini kwamba mkewe ndiye aliyeacha simu iite. Nilikuwa na sekunde moja tu ya kulifikiria hilo, na ilinitosha kujua mimi ni mtu wa namna gani, maana nililifikiria.

“Si mama batoto,” nikasema. “Ni mimi jirani. Telefone nilimunyanganya mimi, kwa karamu. Ilikuwa inaita nikaiona, na sikumupatia. Nikamwambia hakuna kitu. Yeye alitaka kukukataza.”

Upande wa pili palikuwa na upepo, na mbuzi wa mtu, na watu wakisemezana.

“Nipatie muke wangu,” alisema.

Niliingia chumbani, nikamgusa bega. Aliamka mara moja, akaona simu, akaona uso wangu. Nikampa, nikaenda uani, nikasimama karibu na dirisha. Nilisikia kelele yake ya furaha, kali, ya kwanza tangu nimfahamu. Nilisikia akimshukuru Mungu na Bikira Maria, akilia, akicheka, akimwambia angoje pale pale, atatafuta pikipiki amfuate. Kisha akatulia.

“Na papa mukubwa?” aliuliza juu ya shemeji yake.

Jibu sikulisikia. Kupitia dirishani nilimwona akishuka polepole kutoka kitandani na kuketi sakafuni, simu bado iko sikioni.